Fundi Aliyeng'ata Gitaa

Hakuwa fundi wa kupokea gitaa lako, kulitupia jicho na kukuambia urudi kesho. Kwanza ulikaa kwenye stuli mbele yake, uso wako ukiuelekea wake, kisha akasema neno moja: "Kiri." Alitaka kujua kila ulichokifanyia chombo chako tangu kianze kusumbua. Umefungua skrubu ipi? Umepaka nini? Nani alikuambia upake? Ukijibu huku umeinamisha kichwa alikukatiza palepale: "Geuka huku. Unaongea na sakafu?" Mtaa wetu wote wa Nyasho, hapa Musoma, ulijua kwamba wapo waumini ambao hawajawahi kumweleza mchungaji hata robo ya waliyomweleza Fundi.

Nilimshuhudia mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye tai, akikiri kwamba alizimwagia funguo za gitaa la kwaya yao gundi ya viatu ili zisizunguke. Mwinjilisti mmoja wa vijiji vya ziwani alikiri kwamba uzi wa kwanza wa gitaa lake la umeme ulikuwa mshipi wa kuvulia sato. Ulipigwa vizuri tu, lakini kwa kuwa si wa chuma, kwenye spika haukutoka, naye alikuwa ameshanunua spika nyingine. Fundi hakucheka. Aliukata ule mshipi, akamrudishia mkononi na kumwambia akavulie.

Mimi niliyekuwa nacheka pale mlangoni nilikuwa na yangu ya kukiri.

Siku za kazi natoa fotokopi katika duka moja la barabara ya Mukendo. Jumapili ndimi mpiga gitaa wa kwaya yetu ya Nyasho. Gitaa lenyewe ni jekundu, la umeme, kwaya ilichangishana miaka mitatu kulipata, na lilikuwa na tabia ya kutuaibisha. Wimbo wa kwanza liliimba vizuri kabisa. Wimbo wa pili nyuzi zilianza kushuka moja baada ya nyingine, na kufikia wa tatu waimbaji wa sauti ya nne walikuwa wananitazama mimi kwa macho ya mtu aliyekanyagwa. Tulikuwa tumekwenda Bunda kwenye tamasha la kwaya mara mbili, na mara zote mbili tulirudi kimya ndani ya gari.

Kamati ya Vyombo ilikaa, ikaamua. Bunda ya tatu ingekuwa nafasi yangu ya mwisho. Gitaa likilegea tena, angepewa mpwa wa Mwenyekiti wa Kamati, kijana mtu mzima aliyekuwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Sababu iliandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na kwa kuwa muhtasari huo niliutolea fotokopi mimi mwenyewe, niliusoma: mkono wa mwanamke haukazi vya kutosha. Niliumia. Sina vitu vingi vya kujivunia, na gitaa lile lilikuwa kimojawapo. Nikilishika nilikuwa mtu.

Basi zamu yangu ilipofika nilikaa kwenye stuli nikakiri. Kamati iliona tatizo ni la kiroho. Tulifunga siku tatu, kisha mafuta ya alizeti yaliyoombewa yakamiminwa kwenye funguo zote sita, kwenye kile kimfupa cheupe ambapo nyuzi huvuka kuingia shingoni, na kwa kuwa yalibaki, yakamaliziwa kwenye springi za mgongoni. Tangu hapo lilikuwa linalegea kabla hata ya wimbo wa kwanza kwisha.

"Yaliombewa na nani?" Fundi aliuliza.

"Na kamati yote."

"Sasa ndiyo maana yamekolea hivi." Akachukua kitambaa na kopo la petroli.

Habari kwamba Fundi ameosha upako kwa petroli ilifika kanisani kabla yangu. Ilichukua wiki mbili kwa wazee kuelewana kama upako ukifutwa unabaki au unaondoka. Kilichowakera zaidi ni jambo lingine, ambalo kila mteja wake alilijua. Fundi alikuwa anang'ata gitaa. Akishakaza uzi, aliinua kichwa cha gitaa, akakibana kwa meno yake ya mbele, akapiga uzi kwa kidole huku amefumba macho. Akageuza ufunguo kidogo, akang'ata tena. Wengine walisema anapima ukavu wa mbao. Wengine walisema ni dawa ya kwao. Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya ofisini maana alistaafu kwenye elimu: "Naomba tuwe siriasi. Chombo kilichowekwa wakfu hakitafunwi."

Fundi hakuingia kanisani, ingawa kibanda chake kilitazamana na lango letu. Alisema anasikilizia palepale benchini, inamtosha. Tulipotoka Jumapili alikuwa amekaa nje akitutazama tukipita mmoja mmoja, na mimi nikifika alitoa hukumu: "Leo limelegea." Hakukosea hata mara moja. Na kwa wakati ule, hata kuku wa jirani wangepatia.

Alikuwa na mambo yaliyogongana. Alitaka wateja wakiri, lakini kwa mkewe hakuwahi kukiri kwamba ndiye anayemaliza sukari. Alikataza watu kuongea akiwa kazini, kisha yeye mwenyewe akaongea kuanzia skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Alitengeneza vyombo vya watu wote, na mlango wa kibanda chake haukufunga. Ulishikiliwa kwa waya. Ukimwita kutoka nyuma hakuitika. Watu waliona anaringa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwita mara tatu siku moja sokoni, mbele ya wauza samaki wa furu, akaenda zake. Nikaapa sitamsalimia tena, na kesho yake nikarudi na gitaa, shikamoo juu.

Kwa zile programu za simu alikuwa na dharau ya wazi. Mpwa wa Mwenyekiti alikuja kumwonyesha, akakaza nyuzi zote sita hadi taa ya simu ikawa kijani.

"Umeona, Fundi? Liko sawa."

Fundi alivuta kila uzi kwa kidole, taratibu, akiuinua kutoka shingoni kama mtu anayejaribu kamba ya kufungia ndama. "Pima tena." Taa ikawa nyekundu kwa zote. "Simu yako inasema ukweli wa dakika hii," akamwambia. "Mimi nauzaga ukweli wa ibada nzima."

Ndivyo alivyonifundisha, bila kukubali kwamba ananifundisha. Kukaza uzi hadi sauti yake ni kazi ya mtoto, alisema. Kazi ni kuufanya ukae. Alinionyesha jinsi nilivyouzungusha uzi mara kumi kwenye mti wa ufunguo, kila mzunguko ukiwa nafasi ya kuteleza, akaufupisha uwe mizunguko mitatu iliyolala pamoja. Akauvuta, akaukaza, akauvuta tena, mpaka ukaacha kushuka. Alikaza skrubu za funguo. Mifereji ya kile kimfupa cheupe aliisugua kwa ncha ya penseli ya shule, ile ya kawaida kabisa, ili uzi upite bila kukwama. Mgongoni, kwenye springi zinazoshikana na kile kimkono cha kuyumbisha sauti, alichomeka kipande cha mbao ili pasicheze kitu. Kimkono chenyewe alikichomoa akakitia mfukoni. "Hiki si cha kwaya," alisema. Kisha akang'ata, akapiga uzi wa tatu, akafungua macho.

"Limekaa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu kwa maneno yanayozidi hilo, na hata hilo alimpa gitaa, si mimi. Mimi alinitaja kwa jina la "binti wa kwaya".

Jumapili ile nililipiga nikiwa na uhakika wote. Wimbo wa pili likashuka.

Nilimrudishia Jumatatu. Akarudia kila kitu, akabadilisha hadi nyuzi. Jumapili iliyofuata likashuka tena. Ya tatu, vilevile. Bunda ilibaki majuma mawili. Mpwa wa Mwenyekiti alianza kuja mazoezini amenyoosha shati, na mimi nilianza kulia chooni kazini, kwa sauti ndogo ili mteja asisikie. Fundi naye alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Kazi yake ilikuwa inarudi, na kazi yake hairudi. Alinikalisha kwenye stuli akanikirisha upya kuanzia mwanzo, macho yameng'ang'ania mdomo wangu, na nilipomaliza akasema hajasikia uongo.

Ndipo alipochukua ile penseli akachora kistari kidogo kwenye kila ufunguo, na kingine kwenye mbao pembeni yake, vikutane. "Uzi ukilegea wenyewe," alisema, "ufunguo haugeuki. Ukigeuka, kuna mkono."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mazoezi, nilifunguliwa stoo ya kanisa nikatoa gitaa, nikakuta vistari vyote sita vimeachana. Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja tu.

Kamati ilikaa siku hiyohiyo. Fundi hakuingia, alisimama dirishani, nje, mikono juu ya mbao ya dirisha. Nilipouliza nani hugusa funguo za gitaa likiwa stoo, Mwenyekiti wala hakushtuka.

"Mimi. Kila likirudi stoo, tangu tulinunue. Nazilegezaga zote sita."

"Kwa nini, Mwenyekiti?"

"Mimi nimekulia Butiama, kwenye ng'ombe. Ng'ombe akimaliza kulima tunamfunguaga nira. Hatumwachagi amefungwa wiki nzima. Gitaa nalo limefanya kazi ya Bwana, lipumzike. Jumamosi binti anakuja anakaza, Jumapili linaamka na nguvu mpya. Shida iko wapi?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kukubali. Kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe mahali fulani, na hakuna aliyetaka kuonekana mkatili. Nilihesabu kichwani: miaka yote ile, kila juma, nyuzi zilikuwa zinaanza upya toka sifuri, zikivutwa usiku mmoja na kutakiwa zikae asubuhi yake. Aibu ya Bunda mara mbili, na kile kikao kilichoandika mkono wa mwanamke. Nilitaka kupiga kelele.

Fundi ndiye aliyesema, pale dirishani. "Mwenyekiti, ng'ombe ukimfungua nira anabaki ng'ombe. Huyu ukimfungua anakuwa ubao."

"Hoja imepokelewa," Mwenyekiti alijibu, na akaunda kamati ndogo ya watu watano kuichunguza hoja hiyo na kuleta taarifa baada ya mwezi. Hadi hapo, alisema, utaratibu uliopo unaendelea. Bunda ilikuwa wiki moja mbele yetu.

Kesho yake gitaa likashuka, kama kawaida. Baada ya baraka ya mwisho Mwenyekiti alikuwa anakuja madhabahuni na ufunguo wa stoo mkononi, na hapo Fundi akaingia kanisani kwa mara ya kwanza katika maisha yote niliyomjua. Aliingia na aproni yake yenye madoa. Akanipita, akalichukua gitaa.

"Naondoka nalo. Lina homa."

"Homa gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ya mgongo. Mtu mwingine akiligusa wiki hii, mimi sitoi dhamana."

Hakukuwa na homa yoyote. Aliyewakirisha watu wote wa Nyasho alisimama mbele ya madhabahu akadanganya bila kupepesa macho. Lakini Mwenyekiti alikuwa mtu wa ofisi, na neno dhamana lilimtisha. Aliuliza kama kutakuwa na maandishi. Fundi alisema yatakuwepo. Hayakuwepo.

Wiki ile gitaa lilining'inia kwenye msumari kibandani, nyuzi zimekazwa, bila kufanyiwa ukarabati wowote. Kila jioni nikitoka Mukendo nilipita, nikapiga nyimbo zetu tatu, yeye akiwa ameweka kiganja juu ya meza nilipoegemeza spika. Kisha akang'ata, akapiga kila uzi, akalirudisha kwenye msumari. Jumatatu alisema litakaa. Alhamisi alisema limekaa.

Kule Bunda ukumbi ulijaa na mpwa wa Mwenyekiti alikaa safu ya mbele, shati limenyooka, simu mkononi. Wimbo wa kwanza sikuusikia, nilikuwa nausubiri wa pili. Wa pili ulipofika pale ambapo uzi wa tatu hushuka, nilifumba macho. Haukushuka. Sauti ya nne wakanitazama, safari hii kwa macho mengine. Katika wimbo wa tatu machozi yalinitoka na wasikilizaji wakadhani ni Roho.

Tulipata zawadi ya pili, mbuzi. Mwenyekiti alitoa shukrani kwa maombi, kwa kamati, kwa kamati ndogo ambayo ilikuwa haijakaa, kwa dereva, na kwa hali ya hewa ya Bunda. Mimi hakunitaja, lakini gitaa nilirudi nalo mapajani kwangu na hakuna aliyeliomba. Nilipomsimulia Fundi, aliuliza swali moja tu: "Mwenyekiti naye alikiri?"

"Hapana."

"Basi mchunge."

Nilimchunga. Taarifa ya kamati ndogo ilikuja baada ya miezi minne ikipendekeza kwamba gitaa lipumzike likiwa limekazwa, ila lifunikwe kitambaa cheupe. Kitambaa nilikivumilia.

Mkewe alipofariki, Fundi alifunga kibanda akahamia kwa dada yake, Butiama. Hakuaga mtu. Nilikaa miaka miwili nikisema nitakwenda, na kila nikitaka kwenda nilikosa sababu, maana gitaa lilikuwa halina tatizo lolote. Nyuzi mpya nilizifunga kama alivyonionyesha, na kila nikizibadilisha nilifuta vistari vya penseli nikavichora upya, vikutane. Kwenda kwa fundi yule na chombo kizima niliona ni kumtukana.

Mwezi uliopita nilikwenda. Nilipofika stendi ya Butiama nilikaa kwenye benchi, nikalitoa gitaa kwenye mfuko, nikalegeza uzi wa tatu na wa tano kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nilikuwa na sababu.

Dada yake alinipokea uani, alikuwa anaanika mtama. Nikamwona Fundi amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo. Nikaita hodi, nikamwita yeye, nikamwita tena.

"Usihangaike, mama," dada yake akasema. "Mguse bega. Masikio hayo yalikufaga zamani, tangu alivyokuwaga kijana kwenye mashine za kusaga. Huko kwenu Musoma alikuwaga anaangalia midomo. Na magitaa alikuwaga anayasikia kwa meno. Hamkujua?"

Sikujua. Nilisimama pale na mfuko begani, na yote yakanirudia kwa mpigo: geuka huku, unaongea na sakafu, siku ile sokoni nilipoapa, hukumu za Jumapili alizokuwa anazisoma kwenye nyuso zetu tukitoka langoni. Nilijisikia vibaya sana. Nikamgusa bega.

Akageuka, akanitambua, akatabasamu. Meno ya mbele yalikuwa yameondoka yote.

Hakupoteza muda na salamu ndefu. Alionyesha stuli, akasubiri niweke uso wangu sawa.

"Kiri."

Nikamtazama usoni, nikayatamka maneno vizuri ili ayaone. "Sijui limepatwa na nini, Fundi. Limeanza tu kulegea."

Alilipokea. Kidole gumba chake kikapita juu ya funguo, kikafika kwenye vile vistari. Vinne vilikutana. Viwili vimeachana. Kidole kikasimama hapo. Aliinua macho akautazama mdomo wangu kwa muda mrefu, nami nikahisi masikio yangu yanapata moto.

"Ni homa," akasema mwishowe. "Ya mgongo."

Angeweza kurudisha vistari vikutane, kazi ikaisha. Hakufanya hivyo. Aliinua kichwa cha gitaa akakiweka kwenye fizi, akapiga uzi, akafumba macho. Akatikisa kichwa. Akajaribu kwa upande wa shavu, kwa mfupa wa taya. Aligeuza ufunguo, akasubiri, akageuza tena, jasho likimtoka, na dada yake akaacha mtama akawa anatutazama. Uzi wa tatu ulipita mahali pake ukaenda juu. Wa tano ulisimama kabla haujafika. Nilisikia yote na sikufungua mdomo.

"Limekaa," akasema.

"Limekaa, Fundi."

"Piga."

Nilipiga wimbo wa pili wa Bunda, wote, na kiganja chake juu ya ubao wa gitaa. Lilikuwa linaumiza masikio. Nilipomaliza alilifuta kwa aproni ambayo hakuwa ameivaa, yaani kwa shati lake, akanirudishia. "Nenda salama, mpiga gitaa," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

Sikulikaza upya stendi, wala nyumbani. Jumapili nililipiga vilevile, vistari viwili vimeachana, mbele ya kanisa zima. Mpwa wa Mwenyekiti alitoa simu, akaitazama, akanitazama mimi. Nilimkazia macho kama alivyokuwa akifanya Fundi kwa mtu ambaye hajakiri, naye akairudisha mfukoni.

Baada ya baraka Mwenyekiti alinifuata na kitambaa cheupe mkononi, uso umemkunjuka.

"Binti, leo lazima niseme. Miaka yote hii, leo ndiyo nimelisikia gitaa limekaa."

"Ni kweli, Mwenyekiti," nikasema. "Limekaa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukubaliana na kamati.